Swali Ambalo Mjomba Hakunifundisha

Tulipomaliza kumsomea hitima Mjomba Abdu, mwezi uliopita pale Moroni, nilikuwa chumba cha ndani na wanawake wenzangu, napanga vipande vya keki kwenye sahani, nikasikia kupitia pazia mwanamume mmoja akisema kule sebuleni kwamba marehemu alikuwa mtu mwema, Mungu amrehemu, ila maisha yake yalipita bila kazi. "Tangu walipomwachisha kule ujenzi," akasema, "alikaa tu." Wenzake wakaitikia kwa huruma, kisha wakahamia kwenye habari za bei ya mchele. Niliweka sahani chini. Nina umri wa kuitwa bibi na watu nisiowajua, lakini hasira zangu bado zina miguu ya msichana, na ilibidi binti wa marehemu anishike mkono nisivuke lile pazia. Mjomba Abdu alikuwa na kazi. Mwaka mmoja mzima, enzi za mamluki, kazi yake ilikuwa mimi, na aliifanya kila siku ila Ijumaa, bila mshahara na bila shukrani, kwa sababu nilikuwa mwanafunzi mkaidi. Alinifundisha kujibu maswali ya usaili wa kazi moja tu, kazi ambayo niliishika kwa muda mfupi kuliko muda niliotumia kuitafuta. Nimeamua kuuandika mwaka ule, maana pale hitimani sikupewa nafasi ya kuusema.

Alichonifundisha, siku hizi vijana wa maofisini wanakiita uchambuzi wa vihatarishi. Wana majedwali yenye rangi nyekundu, njano na kijani, na mpwa wangu mmoja aliwahi kunieleza habari hizo kwa kirefu kana kwamba ndiyo kwanza zimevumbuliwa, nami nikamwacha amalize. Sisi hatukuwa na rangi. Nilikuwa nimetoka Dar es Salaam na stashahada ya ufundi wa maji, nakaa kwa mama yangu mdogo, Mama Echati, mtaa wa Magoudjou, Moroni, katika nyumba ya vyumba viwili na ua ambao jiko lake lilikuwa bati moja na mafiga matatu. Watoto wa mtaa waliniita Mzanzibari kwa sababu ya Kiswahili changu; Dar nilikuwa nikiitwa Mngazija. Nilikuwa nimechoka kuwa mgeni kila ninapolala. Kaka yangu aliyebaki Dar alikuwa amenitafutia nafasi ya kufundisha hesabu, na wakubwa walikwishapatana: nisipopata kazi Komoro kabla ya Idi Kubwa, nakata tiketi narudi. Ndipo ikatangazwa redioni nafasi ya mkuu wa mradi wa kuleta maji ya bomba kutoka mlimani hadi mji mkongwe wa Mutsamudu, kisiwani Ndzuani. Mradi huo ulikuwa umekwisha kujaribiwa mara moja ukafa njiani, na wafadhili sasa walitaka mtu anayeweza kusema mapema ni nini kitaharibika. Niliposikia hivyo nilisimama katikati ya chumba na kijiko mkononi. Kama kuna kitu nilikijua, ni kuharibika kwa mambo.

Mjomba Abdu alikuwa akila chakula cha mchana kwetu, si kwa mkewe. Kwetu Komoro mume huhamia nyumba ya mke, na humo hubaki mgeni wa heshima, anayekohoa kabla ya kuingia. Kwa dada yake, kama Mjomba kwa Mama Echati, ndiko huvua viatu na kupandisha sauti. Aliposikia nimeomba kazi, kesho yake alikuja na koti lake la zamani la ofisini, akalivaa juu ya kanzu, joto lile lote, akakaa upande wa pili wa sinia na kuniambia, "Mimi sasa ni kamati." Mama Echati alicheka mpaka akalazimika kutoka nje. Kulikuwa na wali na mataba, yaani kisamvu kilichopikwa kwa nazi mpaka kikawa cheusi, na samaki mmoja wa kukaanga ambaye Mjomba alimvuta upande wake kwa cheo cha kamati.

"Lori la saruji limekwama Domoni," alisema. "Unafanya nini?"

"Namtafuta fundi."

"Umekosea. Nani ana ufunguo?"

"Sijui."

"Basi hujui lori limekwama au limefichwa. Endelea. Mvua imenyesha, mtaro umejaa tope."

"Tunauchimba upya."

"Umekosea tena. Kwa nini ulichimba kashkazi, majira ya mvua? Wewe mtoto, mimi nakuuliza kabla ya mvua, wewe unanijibu baada ya mvua!"

Hiyo ndiyo ilikuwa njia yake. Kwa kila jambo baya alitaka nimwambie huja mara ngapi, likija humuumiza nani, na leo hii, kabla halijaja, nafanya nini. Nikijibu vizuri alinisogezea kipande cha samaki. Nikijibu vibaya alikila mwenyewe huku akinitazama. Wiki za mwanzo nilishiba wali mtupu. Aliniuliza habari za meli zinazochelewa kwa sababu gati ya Moroni haina kina, na mafundi wanaotoweka miezi ya harusi kubwa kwa sababu hakuna Mngazija atakayechimba mtaro siku ambayo mjomba wake anaingia nyumbani kwa bibi harusi kwa ngoma na ng'ombe. Aliniuliza habari za vipimo viwili visivyolingana na za mkuu wa wilaya anayetaka bomba la kwanza lipite kwake. Niligundua polepole kwamba hakuwa anatunga. Yote yalikuwa yamempata. Mle chumbani, kati ya kitanda cha chuma chenye mashuka ya kudarizi na kabati la vyombo visivyotumiwa, mtu yule alikuwa akinimiminia kazi ya ujana wake yote, na mimi nilikuwa nakereka kwa sababu ya samaki.

Swali moja hakuuliza. Mamluki walikuwa wamekwishakaa miaka kadhaa. Wazungu hao walikuja kwa bahari, wakaiangusha serikali, na badala ya kuondoka na malipo yao wakaoa, wakafungua biashara, wakalima, wakawa wao ndio wanaojua nani alale wapi. Gari lao jeusi la jipu lilipopita barabara ya juu, mazungumzo yalikatika Magoudjou nzima, kisha yakaendelea pale pale yalipoishia, kama watu wanaopisha kikohozi. Kila mtu alijua kwamba malori ya serikali yakionekana mazima huazimwa nao, na yakiazimwa hayarudi. Kila mtu alijua pia, ingawa mimi niliambiwa na Mama Echati kwa kunong'ona huku tunachambua mchele, kwamba Mjomba Abdu aliulizwa mkutanoni malori ya ujenzi yako wapi, akajibu. Jioni ile ile hakuwa na kazi. Basi siku moja nikamuuliza mwenyewe, mbele ya sinia: "Mjomba, na wakiniuliza habari za wazungu?"

Alinawa mkono, ingawa wali ulikuwa bado. "Hilo sikufundishi," akasema. Alivua koti, akalikunja, akaondoka. Siku mbili hakuja, na Mama Echati hakusema nami, na mimi nilizunguka mle ndani kutoka dirishani hadi uani kama kuku anayetafuta pa kutagia. Nilikuwa nimemuumiza na sikuwa na pa kwenda kuomba radhi, kwa sababu kwa mkewe asingetaka nimkute.

Aliporudi alirudi na amri. "Nenda Mutsamudu ukaone. Kila anayeomba kazi hii anajibu akiwa Moroni." Nikapanda ndege ndogo hadi kiwanja cha Ouani na teksi hadi mjini, nikapokelewa na Bi Zalihata, jamaa ya mama, mjane kwa mara ya pili au ya tatu, sikupata kuelewa, mwenye nyumba ya mawe katika vichochoro vile ambavyo watu wawili wakipishana lazima mmoja akumbuke adabu. Nilimwamkia kwa "kwezi" ya Kingazija, akaniitikia "mbona" kwa taratibu, kisha akaangua kicheko kwa jinsi nilivyoitamka. Chumba alichonipa kilikuwa na mlango wa kuchongwa na dirisha moja lililotazama ukuta wa jirani. Hewa iliingia kwa kuombwa. Kutoka huko nilisikia mji mzima. Wanawake wa Mutsamudu huzungumza kupitia kuta na madirisha bila kuonana, na mimi, ambaye lahaja yao ilinipita nusu, nililala kitandani adhuhuri nimetega masikio, nikisubiri neno maji. Lilikuja mara nyingi, na kila lilipokuja lilifuatwa na kicheko kibaya.

Siku ya pili nilimuuliza Bi Zalihata mradi wa kwanza ulikufaje. Alikuwa anakuna nazi, shiromani yake, lile vazi lao jekundu, ameikunja magotini isichafuke.

"Hawakukwambia Moroni?"

"Waliniambia watu waliuhujumu. Wanaopinga serikali walifukia mtaro."

"Wanaopinga serikali!" Aliinua mbuzi ya kukunia kana kwamba atampiga nayo mtu. "Mtaro tuliufukia sisi. Mimi, na dada wa pale, na mama yake. Asubuhi, baada ya chai. Tulitia mawe, tukatia takataka, tukatia na godoro bovu."

"Kwa nini, Bi Zalihata? Mlikuwa hamtaki maji?"

"Mwanangu, nani hataki maji? Walitaka kutoboa ukuta wangu kupitisha bomba. Walimuuliza nani? Mume wangu. Akawajibu sawa, karibuni. Nyumba hii baba alinijengea mimi. Mume wangu, Mungu amrehemu, aliingia humu na sanduku moja la nguo. Anampaje mtu ukuta wangu?"

Niliacha kutafuna kipande cha nazi nilichokuwa nacho. Mle mjini kila nyumba ilikuwa ya binti wa mtu, na mainjinia, ambao wenyewe walikuwa wakilala kwenye nyumba za wake zao na kulijua hilo kama wanavyojua majina ya watoto wao, walikwenda mlango kwa mlango wakapata ndiyo za wanaume, kwa kuwa karatasi za serikali zimeandikwa "baba mwenye nyumba". Hata nyumbani kwao wenyewe wangefanya kosa hilo hilo. Nikamuuliza Bi Zalihata ilikuwaje baadaye, naye akarudia kukuna nazi, akazungumza chini chini. Jipu lilikuja. Mamluki hawakuwaza kwamba wanawake wanaweza kufukia mtaro, wakachukua wanaume wawili wa kichochoro kile, mmoja wao akiwa mume wake. Walirudi baada ya muda, wamekonda, na mume wake tangu hapo hakukaa tena barazani. "Ukija na bomba," aliniambia, "njoo uniulize mimi. Wengine wote pia uwaulize. Tutakubali. Tumechoka kubeba ndoo." Usiku ule sikulala, kwa furaha na kwa woga, na sikuweza kuvitenganisha.

Usaili ulifanyika Moroni, katika ofisi yenye feni iliyopuliza upande mmoja tu. Mkurugenzi alikaa katikati, mtu mnene mpole aliyekuwa amewahi kufanya kazi chini ya Mjomba Abdu na hakulitaja. Kulia kwake alikuwa mgeni wa wafadhili, mwanamke mwenye miwani aliyeandika kila kitu. Karibu na dirisha, nje ya meza, alikaa mmoja wa wale mamluki, na sare yake nyeusi, mguu juu ya mguu. Alikuwa ameoa hapa na kupewa jina la Kiislamu, ambalo sitaliandika. Mkurugenzi alisema bwana huyu anahusika na usalama wa kazi, kana kwamba anaeleza habari za kiti.

"Tuambie, binti," alianza, "ni nini kinaweza kuharibika katika mradi huu?"

Nilisema mvua, na kwa hiyo mitaro ya juu ichimbwe kusi, si kashkazi. Nilisema saruji, iletwe moja kwa moja Mutsamudu isipitie Moroni, na ghala liwe na funguo mbili kwa watu wawili wasiokula sinia moja. Mgeni wa wafadhili akacheka, akaandika. Nilisema mafundi na miezi ya harusi. Nilimsikia Mjomba Abdu akilini akinisogezea samaki, kipande baada ya kipande. Kisha nikasema nyumba. Niliwaeleza ukuta ni wa nani na nani aliulizwa, na kwamba mtaro haukufukiwa na siasa. Mkurugenzi alijifuta uso kwa leso. Nadhani alikuwa anawaza nyumba anayolala. "Hii," alisema yule mwanamke kwa Kifaransa, polepole ili nielewe, "hakuna mwombaji mwingine aliyeitaja." Kazi ilikuwa yangu, niliiona pale juu ya meza.

Ndipo yule wa dirishani akasema, kwa Kingazija cha sokoni, bila hata kushusha mguu: "Umesahau moja."

Feni iliendelea upande wake. Mkurugenzi aliinamia karatasi. Nilijua moja hilo ni lipi, na alijua kwamba najua. Malori, wanaume wawili wa kichochoroni, Mjomba na koti lake. Nilifungua kinywa. Nikaona sinia la Magoudjou, nikaona tiketi ya Dar, na nikaona aibu zote mbili, ya kusema na ya kutosema.

"Sijasahau, bwana," nikajibu.

Yule bwana akatabasamu, na Mkurugenzi akasema ahsante haraka haraka, tutakuita. Nilitoka, nikateremka ngazi nikijisemea kwamba hakuna mwanamke Moroni aliyewahi kumjibu mzungu wa jipu hivyo. Nilitembea hadi Magoudjou badala ya kupanda teksi, kwa sababu miguu ilikataa kukaa. Nilikuwa nimemwambia usoni kwamba yeye ndiye hatari, bila kumpa neno la kunishika nalo. Nilijiona jasiri. Naandika hivyo kwa sababu nilijiona hivyo kwa juma zima, na lilikuwa juma la furaha kuliko yote ya mwaka ule.

Mkurugenzi aliniita ofisini peke yangu. Alifunga mlango, akanipa mkono, akasema kazi nimepata. Kisha hakunipa ruhusa ya kuondoka. Alizungushazungusha kalamu. "Nakwambia kwa heshima ya mjomba wako," alisema. "Mwenzetu wa wafadhili alikutaka wewe. Mimi pia. Lakini sisi hatuamui, unajua. Ulipotoka, yule bwana alisema: mpeni huyu. Anaona kila kitu, na anajua kunyamaza." Nilimwomba arudie, akarudia. Lile jibu langu, ambalo nilikuwa nikilibeba mitaani kama kidani, yule mzungu alilisikia kama utii.

Mama Echati alipiga vigelegele mpaka majirani wakaja. Mjomba Abdu alingoja watoke. "Walisema kwa nini wamekuchagua?" Nikamwambia yote, kwa sababu sikuwahi kuweza kumdanganya mtu yule. Vidole vyake vikawa vinachora mkekani.

"Kwa nini hukunifundisha swali lile?" nilimuuliza. Nililia, sikujali.

"Kwa sababu sikuwa na jibu lake, mwanangu. Mimi nilisema, wakanifukuza. Nikadhani pengine kunyamaza kuna nafuu."

Nilikwenda Mutsamudu kabla ya Idi, na kitambulisho kipya na viatu vipya. Asubuhi ya kwanza nilitoka kuwauliza wenye nyumba, nikianza na Bi Zalihata, na nilipofika mdomoni mwa kichochoro nikasikia injini nyuma yangu. Jipu jeusi. Kijana wa Kizungu aliyeliendesha aliniambia ametumwa anisindikize kila niendapo, kwa usalama wangu. Kichochoro hakikumruhusu kuingia, basi akasimama pale mwanzoni, injini inanguruma, bunduki inaonekana. Madirisha yakafungwa, moja moja, upande wa kulia na upande wa kushoto, mpaka mbele. Nilipobisha kwa Bi Zalihata hakuna aliyeitika. Nikabisha tena. Nilimsikia akipumua nyuma ya mbao.

"Bi Zalihata, ni mimi. Nimekuja kuuliza."

"Unauliza," alisema kutoka ndani, "au umekuja na jibu?"

Nilisimama pale na viatu vyangu. Ningeweza kusema nauliza, naye angefungua tu; mbele ya jipu lile wangefungua wote, mmoja baada ya mwingine, na mwisho wa mwezi ningekuwa na ndiyo za mji mzima, za wanawake safari hii. Nilirudi mdomoni mwa kichochoro. Nikamwambia yule kijana kwa Kifaransa changu kibovu, kwa sauti ya kusikika madirishani, kwamba niliulizwa Moroni ni nini kitaharibu mradi huu na kuna moja nililibakiza, na moja hilo ni gari hili na walio ndani yake, na aliondoe. Hakuelewa kwanza. Kisha akaelewa, akaniuliza kama nimechanganyikiwa. Nikasema aende akamwambie mkubwa wake maneno hayo kama yalivyo. Akacheka kidogo, akaingiza gia, akarudi nyuma hadi barabarani, na nikasikia injini ikipanda kuelekea kambini kwao bila kupunguza mwendo.

Nyuma yangu komeo lilivutwa. Bi Zalihata alitoa kichwa, akatazama juu na chini ya kichochoro, akanishika mkono wa nguo.

"Ingia upesi," alisema, "tuanze na ukuta wangu, kabla hawajarudi."